Nyati Mia Tatu na Ndama Mmoja

Hapo kale, nyati walipokuwa bado wanaitana kwa majina, ndama wa Mwanakheri alinasa kwenye tope la dimbwi, akawa anazama. Mama yake akapiga ukelele, "Jamani, nisaidieni!"

Nyati mia tatu wakageuka. Huyu akamtazama yule, yule akamtazama mwenzake, na kila mmoja alipoona wengine wametulia, naye akatulia. Mwanakheri akalia tena. Tope lilishafika shingoni mwa ndama.

Shashi, ndege mla kupe aliyekuwa mgongoni mwake, akamwambia, "Mama, usiwaite wote. Mwite mmoja."

Mwanakheri akamkazia macho nduguye mumewe. "Shemeji Kirungu, wewe mwenye pembe iliyovunjika! Njoo umtoe mwanao!"

Kirungu akashtuka, akaingia topeni. Wenzake kumwona tu kaingia, wakamfuata mbio wote, nusura wamkanyage ndama waliyekuja kumwokoa. Akatolewa mzima.

Jioni Mwanakheri akamuuliza, "Shemeji, nilipolia mara ya kwanza hukunisikia?"

"Nilikusikia vizuri sana," Kirungu akajibu kwa haya. "Nikawa nashangaa mbona hawa wengine hawaendi."