Jina la Mtoto wa Tisa

"Mama amekataa," mtu yule alisema kabla hata hajakaribishwa kukaa.

Mwalimu Elinaza akalifunga daftari la ubatizo. Petro amekataliwa, Yohana amekataliwa, sasa na Danieli. Magoti yalimuuma, alikuwa amerudi Temeke kwa miguu kutoka Pugu asubuhi ile, na keshokutwa angepaswa kwenda tena. Mwaka ule wa 1951 alitimiza miaka ishirini na sita katika kazi hiyo ya ualimu wa kanisa, na hakuna kilichowahi kumchosha kama majina.

Katika karatasi aliyoletewa, Kornelio, mzee wa kanisa aliyekaa Kiwalani, alikuwa ameandika maneno machache tu: Mama mmoja, nimekwisha kumfundisha nyumbani kwake. Na mwanawe.

"Kaa, baba. Anataka nini hasa?"

Mtu yule akakaa ukingoni mwa benchi. Alikuwa wa makamo, mpakiaji wa magunia bandarini, mvi zimeanza kumwota kando ya masikio. "Anataka lile lile, Mwalimu. Mbwa."

"Kanisa halimbatizi mtu kwa jina la Mbwa."

"Nimemwambia. Anasema kazika wanane, wote walikuwa na majina mazuri. Wa tisa akamwita Mbwa, ili kifo kikija kimdharau, kipite zake. Na kimepita. Sasa leo aitwe Danieli, kifo kisikie?" Akajifuta jasho. "Na kasema, wabatizwe wote wawili au asibatizwe hata mmoja. Mwalimu, mama hali yake si nzuri. Miguu imemvimba, hata mlangoni hafiki."

Elinaza hakuweza kumlaumu mwanamke huyo. Yeye na mkewe, Margareta, waliacha makaburi mawili mafupi kule Upare.

"Mtoto hajambo lakini?"

Mtu yule akatazama miguu yake. "Hajambo. Amechoka tu."

Alipoondoka, Elinaza akalitoa sandukuni daftari kuukuu. Zamani, alipokuwa kijana, alimsaidia mchungaji mmoja aliyekuwa akitafuta Kiswahili cha maneno ya Agano la Kale, na wanyama walikuwa na ukurasa wao. Akaupitishia kidole taratibu, macho yakimtoka machozi kwa uchovu, mpaka akaliona alilolitafuta.

Alhamisi mtu yule akarudi.

"Liko jina Kalebu," Elinaza akamwambia. "Limo Kitabuni. Na kwa Kiebrania cha kale, mbwa ni kelebu."

"Mbwa kabisa? Si simba mnamficha?"

"Mbwa. Wapo wanaolieleza vingine jina hilo, lakini herufi zake ni zile zile tatu za mbwa."

Mtu yule akaenda nalo Kiwalani. Jumamosi alikuwa pale pale kwenye benchi, vumbi mpaka magotini.

"Mama anauliza, watu hao walilitumiaje neno hilo? Maana Wazungu wa hapa mbwa wao wanawapakata. Asije akawa anasifiwa."

Elinaza alitaka kucheka, nguvu hakuwa nazo. "Walilitumia kutukania. Mtu akitaka kujishusha mbele ya mfalme alijiita mbwa mfu. Na shujaa mmoja, alipoona mtu anamjia na fimbo, aliuliza, 'Kwani mimi ni mbwa?'"

Uso wa mtu yule ukakunjuka. "Hapo atakubali. Na huyo Kalebu mwenyewe, alikufa mapema?"

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Akayafumbua.

"Wanaume waliotoka naye Misri, watu wazima kwa maelfu, walifia jangwani. Walibaki wawili tu. Kalebu ni mmoja wao."

Mtu yule akaizungusha kofia yake mikononi.

"Mama atalia," akasema mwishowe.

Jumapili Elinaza alisimama mlangoni mwa kanisa tangu kengele ya kwanza. Begani alikuwa na kitambaa laini cheupe alichopewa na Margareta cha kumfutia mtoto. Ndani, mchungaji alikwisha kumimina maji, na lile jina jipya alilipokea bila neno.

Wimbo wa pili ulikuwa unaisha alipomwona mpakiaji akija na njia, amemweleka mgongoni bibi kizee, miguu yake iliyovimba ikining'inia. Kutoka Kiwalani mpaka pale alikuwa amembeba hivyo hivyo. Elinaza akapita pembeni yao, akatazama barabarani. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba."

Mpakiaji akamfikisha mbele, akamtua polepole kwenye benchi, karibu na bakuli la maji. Elinaza akawafuata na kitambaa chake.

"Mama na mtoto wanakuja nyuma?" akanong'ona.

Bibi alimtazama kama mtu asiyemwelewa. Kisha akamshika mpakiaji mkono, akamvuta chini.

"Piga magoti, mwanangu," akasema. "Mchungaji hatakifikia kichwa chako."