Mama Yake Yule Mchawi

Nilishuku filamu hii tangu niliposikia inaonyesha ujana wa yule mchawi mzee wa zile filamu za kizungu. Kwenye kibanda chetu cha video hapa Busia tunaujua ujana huo. Mama yake alichana kitenge chake, akakifunga kwenye fimbo ya mwanawe, akamwambia aende bila kugeuka. Opendi, anayetutafsiria filamu kwa maiki, alitusimulia hayo tangu filamu ya kwanza, tukalia.

Sasa kwenye skrini kijana akachana shati lake mwenyewe, akalifunga kwenye fimbo. Mama hakuonekana.

Opendi akashusha maiki.

"Tafsiri!" watu wakapiga kelele.

Nikasimama. "Opendi, mama yuko wapi?"

"Hawa wazungu wamemkata kwenye filamu."

"Usitudanganye. Alikuwepo lini?"

Aliikumbatia maiki kwa mikono miwili, na ndipo nilipokiona kitambaa kilichozungushiwa mpini wake: kipande cha kitenge kilichopauka, kimefungwa fundo gumu, kama lile ambalo mama hulifunga mwanawe anapoondoka.

Watu walikuwa wananitazama mimi.

"Mama yuko nyuma ya ule mlango kwenye filamu," nikawaambia. "Nimeuona mkono wake. Tafsiri, Opendi."