Msemaji wa Nyapara

Mwasiti aliposimama barazani na kusema atamtetea Asmani, wanawake wa Rumonge walitema mate chini.

"Wamemununua," alinong'ona Chausiku, shoga yake wa tangu utotoni. "Afadhali Amuri hayuko kuona haya."

Amuri alikuwa mume wa Mwasiti. Alikwenda kazini akiwa mpagazi wa Wajerumani, akarudishwa kwa mtumbwi amefunikwa mkeka, mgongo umechanwachanwa kwa kiboko. Nyapara wa wapagazi alikuwa Asmani. Kila mtu alijua, na hakuna mpagazi aliyethubutu kutoa ushahidi. Mwasiti alipokwenda kushitaki, liwali hakutaka hata kusikia jina la marehemu.

"Mwanamke hasemi barazani. Nenda ukakae eda."

Alikaa eda. Ilipokwisha alirudi, akaketi nyuma ya wanaume, akasikiliza: mashauri ya mirathi, ya nyavu, ya mipaka ya michikichi. Akaanza kuwasemea wajane walionyang'anywa mashamba, kwanza akiwa mlangoni, kisha ndani, maana liwali alichoka kumfukuza. Baadaye hata wanaume wakawa wanamtafuta. Mwambao mzima haukuwa na mwanamke mwingine wa namna hiyo. Ila shauri la Amuri hakuligusa tena, na watu wakasema amesahau.

Sasa Mjerumani mwenyewe alikuwa ameshuka kutoka Usumbura kuhukumu. Miaka kadhaa nyuma, siku ya Idi, mashua ya serikali iliteketea hapo Rumonge, na sasa wavuvi wawili walikuwa wamejitokeza kudai kwamba aliyeitia moto ni Asmani. Adhabu yake ilikuwa kitanzi.

Wote ambao Asmani aliwaomba wamsemee walikataa. Asubuhi ile Mwasiti alimfuata alikofungwa.

"Uko muke wa nani, mama?" Asmani aliuliza.

Mtu huyu alikuwa amepiga wengi mno. Hakuwa na habari.

"Mimi ni mjane tu," alijibu. "Nitakuondoa kwenye shauri la mashua. Lakini utasema kweli tupu, na utaisema kwa kiapo."

Barazani, Msahafu ukaletwa. Asmani akaapa, minyororo ikilia mikononi.

"Siku ile mashua ilipoungua, ulikuwa wapi?" Mwasiti aliuliza.

"Kule Minago, mbali na hapa, tangu alfajiri mpaka magharibi! Tulikuwa tunashusha mizigo ya serikali."

"Nani alikuona?"

"Wapagazi wote. Waulize!"

Mwasiti akawageukia wapagazi waliosimama ukutani. Safari hii hawakuwa na cha kuogopa. Nyapara mwenyewe alikuwa akiwasihi waseme. Mmoja baada ya mwingine waliapa: kweli, alikuwa Minago.

Mjerumani alikunja uso, akasema kitu kwa mkalimani. "Bwana Mkubwa anauliza," alisema mkalimani, "labda ni nyapara mwingine, nao wanachanganya?"

"Jibu," Mwasiti alimwambia Asmani. "Palikuwa na nyapara mwingine?"

"Hapana! Ni mimi peke yangu."

"Na kiboko kilikuwa mkononi mwa nani?"

Nyuma kabisa, Chausiku aliinua kichwa.

"Mwangu!" Asmani alipiga kifua, minyororo na yote. "Kutwa nzima. Hakuna mutu mwingine aliyekigusa, naapa mbele ya Mungu."

Mkalimani alitafsiri neno kwa neno. Mjerumani alitikisa kichwa kukubali. Wavuvi wawili waliinamisha nyuso zao, na liwali akatangaza kwamba shitaka la mashua limeanguka.

"Mufungueni," akaamuru.

Asmani alilia kama mtoto. Aliushika mkono wa Mwasiti kwa mikono yake yote miwili, akaubusu, akimshukuru kwa Kirundi. "Murakoze, mama. Murakoze cane. Mungu akulipe."

Askari alikuja na ufunguo.

"Ngoja kidogo, askari," Mwasiti alisema, akiuvuta mkono wake taratibu. Kisha akamgeukia Mjerumani. "Bwana Mkubwa, la mashua limekwisha. Sasa naleta la mume wangu Amuri, aliyepigwa kiboko mpaka akafa, pale Minago, siku hiyo ya Idi."