Bara ni Moja Tu

Mama aliingia sebuleni na birika la chai kabla hajatambulishwa. Binti yake, kajipamba akapambika, alikuwa akichekacheka na wakwe zake watarajiwa, ambao walikuwa wamefika nyumbani hapo kwa mara ya kwanza.

Baba mkwe, mwalimu wa jiografia, mazungumzo yalikuwa yamemkolea. "Wengine wanasema mabara saba, wengine sita, eti Ulaya na Asia ni ardhi moja. Mama, wewe unasemaje?"

Mama alifurahi kuulizwa. "Si moja tu? Sisi tuliozaliwa kisiwani, ukishavuka maji, kote huko ni bara."

Shangazi wa bwana harusi aliangua kicheko hadi machozi yakamtoka. "Makubwa! Na huyu ni nani?"

Mama akamtazama binti yake. Binti akatazama kucha zake, alizopakwa rangi jana na mama huyo huyo.

"Dada wa kazi," akasema. "Mtusamehe, hajasoma."

Birika lilikuwa likimchoma Mama kiganja, naye hakulitua. Alimmiminia binti yake chai taratibu, mpaka ukingoni.

"Mama yako akirudi, dada," akauliza, "nimwambie wageni walikuja?"