Mkate Bila Soseji

Mwanamke ambaye Tunu hakumfahamu alifika kwenye toroli lake la soseji akihema. "Dada, nakuomba. Mume wangu ana kovu kidevuni. Akija, usimuuzie soseji. Zina chumvi nyingi, na presha imeshamlaza hospitali mara mbili. Wala usimwambie nimekuja, ni mtu wa kuona aibu."

"Nakuahidi, dada," Tunu alisema akicheka. Ilikuwa ahadi nyepesi.

Mchana akaja askari mpya wa soko, yule anayeondoa matoroli barabarani. Alikuwa na kovu kidevuni. Tunu hakucheka tena.

"Mama Soseji, nitilie mbili kwenye mkate."

"Zimeisha, afande."

Askari alifunua sufuria mwenyewe. Mvuke ukampiga usoni. Soseji zilikuwa tele. "Unaninyima mimi? Unajua umeegesha wapi?"

"Najua, afande."

Akaushika mshikio wa toroli. Tunu alimkumbuka yule mwanamke alivyokuwa akihema. Akapasua mkate, akaujaza nyanya na vitunguu, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Huu ndio wako, afande. Sikutozi."

Askari aliutazama ule mkate, mkono wake ungali kwenye mshikio.