Mateka wa Thoya

Fondo alipiga magoti uani kwa Mzee Nguma, kule Miritini, mbele ya panga mbili fupi za bati alizozitengeneza mwenyewe. Wa kwanza kucheka alikuwa Thoya.

"Huyu kasalimu amri kabla ya vita!"

Thoya alikuwa na haki ya kucheka. Tangu vita viishe mwaka uliopita, hapakuwa na shujaa mwingine kutoka Changamwe hadi Mazeras. Alirudi kutoka Burma na kofia ya askari wa Keya, kovu mkononi, na hadithi zilizokuwa zikinenepa kila Jumapili, sawa na mwenyewe. Maadui aliowaua walikuwa wameshafika arobaini na wawili. Pombe ya mnazi ikizidi, walifika hamsini.

Fondo, maskini, alirudi na ukweli tu. Alikuwa akisafisha vidonda katika hospitali ya mateka kule India. Nani ampe mke mtu wa namna hiyo? Mzee Nguma alikwishatamka kwamba binti yake Kahaso ataolewa na mwanamume aliyetazamana na adui uso kwa uso, na Jumapili hiyo ndiyo angetoa neno. Kahaso mwenyewe hakuulizwa. Alipewa kibuyu, awamiminie wageni.

Fondo alianza kucheza mikono mitupu, polepole, mabega yakipanda na kushuka. Kisha akaokota upanga mmoja. Kisha wa pili. Mabapa yalizunguka legelege kwenye mipini, yakilia kama njuga, naye akazunguka nayo ua mzima mpaka vumbi likatimka. Upanga ulipita shingoni pake, ikabaki nafasi ya kidole. Kila pigo lilikuwa la kuua, na kila pigo lilikuwa zuri. Kahaso alimimina mnazi mpaka ukamwagika miguuni mwa wageni, na hakuna aliyelalamika.

Thoya aliona mke anamponyoka.

"Nani kakufundisha, mwanangu?" Mzee Nguma aliuliza.

"Mkorea mmoja, mzee. Alikuwa mateka pale hospitalini, katekwa pamoja na Wajapani, jina lake Sunhi. Huu ni mchezo wa kwao wa tangu kale."

"Sunhi!" Thoya aliruka kutoka kitini. "Haki ya Mungu, huyo nilimteka mimi!"

"Wewe?" Kahaso aliuliza. "Alikuwaje?"

"Jitu, Kahaso! Ndevu mpaka kifuani, na kifua chenyewe kama mlango wa stoo. Tulipigana tangu alfajiri hadi adhuhuri. Hili kovu ni la upanga wake. Mwisho nikamkaba koo, akalia, nikamwonea huruma."

Wageni walipiga makofi. Mzee Nguma alimshika Thoya mkono kwa mikono yake miwili.

"Kumbe mwalimu wa Fondo ni mateka wako! Basi neno limekwisha."

Fondo alitoa picha ndogo mfukoni, akampa Kahaso.

"Mwalimu alinipa picha yake tulipoagana," alisema.

Kahaso aliitazama. Kisha akamwonyesha baba yake yule msichana mfupi mwenye sketi pana na ua nyweleni, panga mbili mikononi, akamgeukia shujaa kwa adabu zote.

"Kaka Thoya, hizo ndevu ulimnyoa wewe?"