Kimya cha Nyuma ya Kioo

Mashine ya MRI ilikuwa imetoka kutengenezwa, na pale hospitali, kila ikishatengenezwa, lazima mfanyakazi mmoja alale ndani wajaribu picha. Siku hiyo akajilaza mpiga picha mwenyewe.

"Kibonge, usituzibie tundu!" mwenzake akamtania kwenye spika.

"Nyoo! Piga picha paja hilo, acha wivu."

Mashine ikagonga go-go-go, ikanyamaza. Akangoja utani mwingine. Wapi! Kimya kikakaa mpaka akaanza kusikia damu yake masikioni.

Kimya hicho anakijua. Jana tu yeye na mwenzake walikaa hivyo nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, wanaangalia uvimbe ndani kabisa ya msuli wa mtu, mkubwa kama yai, na mwenyewe hata haumuumi. Sura ya sarkoma, ile saratani ya nyama. Halafu yeye akashika maiki, akalainisha sauti: "Tulia hivyohivyo, naongeza picha chache tu."

Spika ikakwaruza.

"Dada," mwenzake akasema, na hajawahi kumwita hivyo. "Tulia hivyohivyo. Naongeza picha chache tu."

"Uvimbe unafika yai?"

Mashine ikaanza kugonga.